Sauti Isiyo na Rika

Ndege ikipita juu ya Langalanga, shosho wangu aliacha anachofanya. Kama alikuwa anachambua maharagwe, mikono ilitulia ndani ya uteo. Kama alikuwa anaongea, neno lilikatikia njiani. Hakuinua kichwa kuitazama. Aliinamisha shingo kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango unaogongwa, mpaka mlio ukaishia upande wa Elmenteita. Tulipokuwa wadogo tulidhani anaogopa isianguke. Nilikuwa kidato cha pili nilipomuuliza, naye akanijibu kama anayezungumzia jirani: "Iliwahi kutuita kwa Kikuyu."

Jibu hilo lilinichukua miaka kulielewa, na nimefundisha Historia na Kiswahili hapa Gilgil maisha yangu yote ya kazi. Mji wetu ni mji wa kambi. Kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ambako wamelala waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia na katika miaka ya Hali ya Hatari. Kuna kambi ya jeshi, kuna chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mwaka 1947 na 1948 Waingereza waliwafungia hapa wapiganaji wa Kiyahudi waliotolewa Palestina. Mtoto wa Gilgil hukua akijua sauti ya baragumu na vishindo vya buti. Huwa hajui kwamba jeshi lina silaha nyingine isiyotoa mlio wa aina hiyo.

Wanajeshi huziita operesheni za habari. Kwa maneno ya kawaida, ni kila kinachofanywa vitani ili kugeuza mawazo ya mtu badala ya kumpiga risasi: vikaratasi vinavyomwagwa kutoka angani, matangazo ya redio, uvumi unaopandwa sokoni, barua, na siku hizi ujumbe wa simu na mitandao. Lakini kikaratasi hakijiandiki. Lazima awepo mtu wa kumwambia kamanda: watu hawa wanaapa kwa nini, wanaogopa laana gani, nani akisema wanamsikiliza, neno gani likitamkwa mzee atainuka aondoke. Mtu huyo anaweza kuwa mkalimani, mzee wa kijiji, mmishonari, au msomi wa anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao. Habari zake haziandikwi sana. Mimi nimezifuata kwa sababu ya shosho, na pia kwa sababu ya jambo lililonikuta mwenyewe, nitakalolieleza huko mbele.

Shosho alizaliwa kwenye shamba la mlowezi karibu na Elmenteita. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya Bonde la Ufa walitolewa na kurudishwa sehemu zilizoitwa za asili yao, hata wale ambao hawakuwahi kuziona. Yeye alipakiwa kwenye lori na ndugu zake, akashushwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua. Huko ndiko alikoisikia ndege. Waingereza walikuwa wamefunga vipaza sauti kwenye ndege ndogo, wakawa wanazungukazunguka juu ya msitu wakiwaita wapiganaji wa Mau Mau watoke wajisalimishe. Kabla ya hapo, Agosti 1953, Jenerali George Erskine alikuwa ametoa ahadi iliyojulikana kwa tawi la kijani: mpiganaji atakayetoka msituni akiwa ameshika tawi bichi hatapigwa risasi. Vikaratasi vya kueleza jambo hilo vilimwagwa kwa maelfu. Mwanzoni waliotoka walikuwa wachache.

Nilimuuliza shosho kwa nini. Nilitarajia aseme waliogopa mtego, na bila shaka waliogopa. Yeye alinipa sababu nyingine. Alisema ndege ile iliongea Kikuyu sawasawa, hapakuwa na kosa, lakini haikuamkia. Kwa Kikuyu cha kizazi chake, salamu ilikuwa kipimo: unamwamkia mtu kulingana na rika lake na lako, na kutokana na hiyo salamu anajua wewe ni mwana kwake, au mwenzake, au baba. Kabla hilo halijajulikana, mazungumzo hayajaanza. "Sasa ile sauti," aliniambia, "haikuwa na rika. Utaijibuje?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya vita vile na sijakutana na sentensi inayoeleza zaidi ya hiyo. Aliyeandika maneno ya ndege alikuwa na lugha. Alikosa mahali pa kusimama ndani ya lugha hiyo.

Kilomita chache kutoka mjini, ukielekea Nakuru, kuna Kariandusi. Kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha kwanza kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine yakiwa ya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Mahali hapo palifukuliwa na Louis Leakey, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Wanafunzi huandika jina lake daftarini kama mtafiti wa mifupa na mawe, na kwenye mtihani hupata alama yao. Mimi nilikuwa nikiwaambia pia lile lisiloulizwa: mtu huyuhuyu ndiye aliyekuwa mtaalamu mkuu wa mila za Wakikuyu kwa upande wa serikali wakati wa vita vya Mau Mau.

Alizaliwa Kabete mwaka 1903, wazazi wake wakiwa wamishonari. Kikuyu kilikuwa lugha yake tangu utotoni. Alipitia jando pamoja na wavulana wa umri wake, akapewa jina Wakaruigi. Kwa hiyo yeye alikuwa na rika, kitu ambacho ndege ya shosho ilikosa, na alijivunia jambo hilo mpaka akakiita kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1937, Mwafrika mweupe. Katika Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya ujasusi Nairobi na kutangaza redioni kwa Kikuyu. Aliandika pia utafiti mrefu juu ya Wakikuyu wa kusini, ambao ulichapwa 1977 katika juzuu 3, miaka mitano baada ya kifo chake. Ukitaka kujua sherehe fulani ilifanywa vipi zamani, mbuzi wa rangi gani, nani alisimama wapi, utamkuta Leakey ameshaandika.

Mtu kama huyo, vitani, alikuwa na thamani kubwa. Mfano ninaoupenda kuwaeleza watu ni wa nyimbo. Kabla ya 1952, katika mikutano na hata mashambani, watu waliimba kwa Kikuyu nyimbo zenye tuni za kanisani. Mzungu aliyepita alisikia tuni aliyoijua tangu utotoni, akaridhika kwamba watu wanamsifu Mungu. Maneno yalikuwa mengine: ardhi, Kenyatta, umoja, hukumu kwa wasaliti. Leakey alisikia maneno. Aliandika kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kueneza ujumbe yenye nguvu kuliko zote, ikiimbwa mchana kweupe mbele ya watu ambao hawakujua lugha. Hapo tukumbuke kwamba utaalamu mkubwa zaidi ulikuwa upande wa waimbaji. Walimjua Mzungu vizuri kuliko alivyowajua, wakajua kwamba akisikia tuni ya kanisa masikio yake yatalala.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuna haja ya kwenda mbali kuelewa hilo. Nakuru na Naivasha zilipowaka Januari 2008, maneno yaliyotangulia moto yalikuwa ya shambani na ya jikoni: madoadoa, kwekwe. Mgeni angesikia mkulima anazungumzia magugu. Sisi tulijua ni nani anayeitwa doa. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki Aprili 2022, neno madoadoa lilikuwemo, miaka 14 baada ya watu kuchomewa nyumba.

Nirudi kwa Leakey. Kesi ya Kenyatta na wenzake watano ilipofunguliwa Kapenguria, Desemba 1952, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Fikiria kikao kile. Upande mmoja yuko Kenyatta, aliyesoma anthropolojia London chini ya Bronisław Malinowski na kuandika kitabu juu ya mila za Wakikuyu kilichotoka 1938. Upande mwingine yuko Leakey, aliyetumia miaka kuandika juu ya mila hizohizo. Wawili hao walikuwa wamebishana tangu London juu ya nani anaujua Ukikuyu. Sasa mmoja ni mshtakiwa, mwingine ndiye mdomo ambao maneno ya mashahidi yanapitia kumfikia hakimu. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alipinga, akisema Leakey ana upande wake, na kweli alikuwa ametoka tu kuandika kitabu dhidi ya Mau Mau. Leakey akaondoka kwa hasira. Naamini Pritt alikuwa sahihi, na sidhani Leakey alikuwa anapotosha maneno kwa makusudi. Mkalimani aliyekwisha kuamua anajikuta anachagua neno moja kati ya matatu, na kila mara ni lile linaloegemea upande wake.

Mchango wake mkubwa kwa serikali ulihusu kiapo. Leakey alieleza kwamba kwa mila, kiapo kizito kiliapwa mchana, hadharani, kwa hiari, na mbele ya wazee. Viapo vya Mau Mau viliapwa usiku, wengine wakilazimishwa, na wanawake wakiwemo. Basi, alisema, vinakiuka mila, na mila yenyewe ina dawa yake: mtu anaweza kutakaswa. Serikali ikawatafuta wazee, mbuzi wakachinjwa, jiwe la githathi, lenye matundu, ambalo Wakikuyu walilihofu kuliko bunduki, likatolewa, na watu wakapangwa foleni kutapishwa kiapo. Kama mwalimu nakiri kwamba hoja yake ilikuwa imejengwa vizuri. Lakini shosho, ambaye alipitishwa kwenye utakaso huo, aliniambia kitu kimoja tu juu yake: homgadi wa serikali walisimama pembeni na bunduki. Kama ulazima uliharibu kiapo cha usiku, uliacha vipi utakaso wa mchana?

Sitaki kumwonea Leakey. Katika vitabu vyake vya miaka hiyo, kimoja cha 1952 na kingine cha 1954, hakuishia kwenye kiapo. Alieleza pia jinsi Wazungu walivyoielewa vibaya ardhi ya Wakikuyu, wakaona pori lisilo na mwenyewe mahali ambapo palikuwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina na ukoo. Alitaka mishahara, makazi na ardhi viangaliwe. Serikali ilisoma kurasa zote. Ilichukua jiwe la githathi wiki hiyo hiyo, kama tunavyosema, na ardhi ya huku kwetu, ile iliyoitwa ya Wazungu pekee, ikabaki imefungwa kwa Mwafrika mpaka 1960. Hapa ndipo ninapouona ugonjwa wa kazi hii ya utaalamu vitani, na nimeuona tena katika vita vya karibuni. Mtaalamu huja na magunia mawili. Moja lina habari za namna ya kuwashinda watu, jingine lina sababu za watu kupigana. Kamanda anafungua la kwanza, la pili linabaki ghalani.

Kulikuwa na wataalamu wabaya zaidi, wale wasiojua lugha. Daktari J. C. Carothers, aliyewahi kusimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika kwa ajili ya serikali kijitabu kilichotoka 1954 juu ya saikolojia ya Mau Mau. Kwake tatizo lilikuwa akili iliyovurugika kwa kuhama kutoka mila kwenda usasa. Sina la kuongeza juu ya kijitabu hicho, ila kwamba ukimwita mtu mgonjwa huna haja tena ya kumuuliza anadai nini.

Waliofanikiwa zaidi kivita walikuwa wa aina ya tatu. Ian Henderson alizaliwa Scotland, akakulia karibu na Nyeri, na Kikuyu alikisema kama mtu wa kijijini. Alikuwa polisi. Waruhiu Itote, Jenerali China, alipokamatwa Januari 1954, Henderson ndiye aliyekaa naye siku baada ya siku akimhoji, na baadaye China akaandika barua kwa wenzake msituni ili mazungumzo yafanyike. Barua ya China ilikuwa na rika. Frank Kitson, afisa wa jeshi aliyefika Kenya 1953 bila kujua lolote, alichukua njia nyingine: wapiganaji waliokamatwa wakageuzwa, wakarudishwa msituni kama genge bandia, nywele ndefu, nguo zilezile, na harufu ileile ya moshi na ya mwili usioona sabuni, maana pua ya mtu wa msituni humtambua mgeni kabla ya jicho. Henderson alikwenda mbali zaidi. Aliandika kwamba alitumia hata mazoea ya kiongozi wa wapiganaji, Dedan Kimathi, ya kusali chini ya mti wa mugumo ili kukisia atakapopita. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957.

Binamu yake shosho alitoka msituni kwa njia hiyo. Hakuitwa na ndege. Aliitwa usiku na mtu aliyetahiriwa naye siku moja, kwenye mto mmoja, ambaye sauti yake aliijua gizani. Alitoka. Akageuzwa, akawa wa kuwaita wengine. Aliishi mpaka 1989, na katika miaka hiyo yote sikumbuki kumwona ameketi na wazee wa rika lake kwenye harusi wala mazishi. Aliletewa chakula chake peke yake. Nilipokuwa mtoto nilifikiri ni heshima.

Kitson aliandika vitabu vilivyosomwa na majeshi mengi duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa kamanda Belfast. Henderson alifukuzwa Kenya 1964, akaenda Bahrain ambako alikaa kwenye usalama wa taifa kwa zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo maarifa ya namna ya kumwita mtu wa Nyandarua kwa sauti ya rika lake yalisafiri. Nchi nyingine zimejaribu kwa njia zao: Wamarekani walianza mwaka 2007 mpango wa kuwapeleka wasomi wa jamii pamoja na vikosi Iraq na Afghanistan, chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kikaupinga mwaka huohuo kwa hoja kwamba msomi akiingia kijijini na jeshi, mwanakijiji hawezi tena kusema hapana. Mpango ulifungwa 2014.

Na sisi? Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia kupigana na al-Shabaab. Wanafunzi wangu wengi walikuwa askari, wakaenda. Mwezi uliofuata msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, aliandika kwenye Twitter kwamba msafara wowote mkubwa wa punda waliobeba mizigo utahesabiwa kuwa wa al-Shabaab, na Wakenya wasiwauzie punda. Kwa afisa aliyekuwa anatafuta njia za kukata usafirishaji wa silaha, hiyo ni hesabu ya kivita. Kwa mama wa kijiji cha Somalia, au wa Garissa, punda ndiye bomba la maji, ndiye gari la wagonjwa, ndiye lori la kuhamia. Sentensi moja iliyaweka maisha yake yote kwenye shabaha. Desemba al-Shabaab walifungua akaunti yao wenyewe kwa Kiingereza na kuanza kumjibu meja hadharani kwa kejeli, na dunia ikawasoma. Nasema hivi kwa uchungu, maana vijana waliokuwa wakilipia kila neno lililokosewa nilikuwa nimewafundisha mimi kusoma.

Kulikuwa na kazi iliyofanywa vizuri. Redio Bar-Kulan ilianza Machi 2010 ikiungwa mkono na Umoja wa Mataifa, ikitangaza kwa Kisomali kutoka Nairobi. Jina lake maana yake mahali pa kukutania. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972 tu, na kabla ya hapo na baada yake habari nzito zimekuwa zikipita kwa shairi na kwa redio. Aliyechagua redio badala ya kikaratasi, na michezo na maigizo pamoja na habari, alikuwa amewasikiliza watu kabla ya kuwasemesha.

Adui naye alisikiliza. Kuanzia 2012 lilikuwepo jarida la wafuasi wa al-Shabaab lililoandikwa kwa Kiswahili, liitwalo Gaidi Mtaani. Angalia jina. Neno gaidi, ambalo serikali ililirusha kama tusi, limeokotwa na kuvaliwa. Neno mtaani ni la vijana wa mitaa kama Majengo na Kibokoni. Aliyelibuni alijua anaongea na nani na alisimama mahali penye rika.

Sasa lile langu. Mwaka 2015, wiki chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, sajenti, akiwa likizoni. Tulikunywa chai. Alikuwa amekonda. Alisema huko alikokuwa ameona kwamba mzee anayewapisha njiani na mzee anayewasalimu ni watu wawili tofauti, na kwamba alijifunza salamu za Kisomali kutoka kwa muuza maziwa kabla ya kujifunza kitu kingine. Kisha akatoa kurasa mbili zilizokunjwa. Zilikuwa za Kiswahili, bila jina. Akasema, kwa adabu yake ileile ya darasani, "Mwalimu, wewe umesahihisha insha miaka yote hiyo. Soma, uniambie huyu ni mtu wa wapi."

Nilisoma. Yaliyomo yalinitetemesha, lakini jicho la mwalimu halingoji ruhusa. Aya ya kwanza ilifunguliwa kwa methali, na methali ikafafanuliwa kwa sentensi mbili. Ya pili ilianza kwa "ama kwa hakika". Tashbihi zilipangwa pale zinapotafutiwa alama. Huyu alikuwa amekaa kwenye dawati Kenya, chini ya ubao wa Kenya, na mwalimu kama mimi alimwandikia kwa wino mwekundu: kazi nzuri, jitahidi. Nilisikia uzito kifuani ambao sijapata kuusikia kwa kurasa. Na kulikuwa na jambo jingine: namna mbili tatu za kuunganisha kitenzi, na jina moja la chakula, ambazo mtoto huzipata nyumbani, kabla ya shule. Nilidhani nimejua upande anaotoka. Sikuwa na uhakika, lakini nilidhani.

Nikamuuliza sajenti, "Unataka kumjua ili umjibu au ili umkamate?"

Akafikiri. Alikuwa mtoto mkweli, na amebaki mkweli. "Mwalimu, mimi nitaandika tu ulichosema. Wanaoamua ni wengine."

Nilimfikiria binamu wa shosho na sahani yake ya peke yake. Nilifikiria Operesheni Anvil ya Aprili 1954, Nairobi ilipozungukwa na maelfu ya Wakikuyu wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, gakunia, akitikisa kichwa huyu ndiye, huyu siye. Nilifikiria Aprili 2014, mwaka mmoja tu kabla ya chai yetu, maelfu ya Wasomali, raia na wakimbizi, walipokusanywa kwenye uwanja wa Kasarani. Mwenye ujuzi wa mila anaposema "ni wa upande ule," yeye anamaanisha mtu mmoja. Neno likifika juu limekuwa upande mzima. Lakini nilifikiria pia wale watu 148 wa Garissa, na wazazi waliopanga foleni Nairobi kutambua miili, na kwamba anayenyamaza naye ana hesabu yake.

Hukumu za historia huwa nafuu kwa mtu asiyekuwemo. Nimewahi kusimama Kariandusi na kumlaumu Leakey mbele ya watoto 40. Siku ile nilikaa kwenye kiti chake. Wapo wasomi walioweka ujuzi wao mahali pengine: wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi kwenye kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza majuto na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Shosho alikuwa ameshatutoka. Lakini mahakama huja baada ya vita. Sajenti alikuwa na likizo ya siku kumi na nne.

Nilimwambia huyu alisoma Kenya, alisoma vizuri, na alifika angalau kidato cha nne. Nikamwambia kama wakubwa wake wanataka kumjibu, wasimjibu kwa vitisho wala kwa Kiswahili cha ofisini. Wamtafute mwalimu wake, na imamu aliyemfundisha alifu, na mtu aliyecheza naye mpira, wawaombe wao waandike, kwa majina yao, kama watakubali kwa hiari. Wamuulize pia alidai nini kabla hajaenda, maana kurasa zile mbili zilikuwa na nusu ukurasa juu ya kitambulisho alichonyimwa na ardhi ya babu yake, na hiyo nusu ilikuwa kweli tupu.

Upande niliodhani anatoka sikuutaja.

Aliandika yote kwenye daftari dogo la jeshi, kwa mwandiko niliomfundisha mwenyewe. Alipofika penye kitambulisho na ardhi aliinua kalamu, akanitazama. "Hii pia niandike, Mwalimu?"

"Andika hiyo kwanza," nikamwambia.

Akafungua ukurasa mpya. Juu, upande wa Nakuru, ndege ya jeshi ilikuwa inazunguka kutua, na nikajikuta nimeinamisha shingo.